Kifua cha Serikali

Iko nchi moja, na tusisumbuane kuitafuta kwenye ramani, maana ramani yake imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko semina. Ni nchi nzuri. Mvua hunyesha kwa kibali, viongozi huugua nje na wananchi huugua ndani, na kila jambo lina fomu yake. Mwaka mmoja Serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba matibabu ya kubahatisha sasa basi. Tangu siku hiyo kila dawa, kila sindano na kila kitanda vitatumika kwa ushahidi. Wananchi walipiga makofi, ingawa wengi walishtuka kidogo, kwa kuwa siku zote walidhani ndivyo ilivyokuwa.

Wizara haikuchelewa. Wataalamu walisema ushahidi hupangwa kama piramidi, ulio dhaifu chini na wenye nguvu juu. Wizara ikalipenda mno neno piramidi, ikaagiza ijengwe. Ikajengwa kweli, mbele ya Hospitali Kuu, kwa mifuko ya saruji iliyokuwa imeletwa kusakafia wodi ya wazazi. Kileleni paliandikwa "Sahihi ya Mheshimiwa". Chini yake "Nyaraka". Kisha "Uzoefu wa Wakubwa", kisha "Desturi", kisha "Tulivyosikia". Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa "Wagonjwa Waliopona", lakini fundi alikosea vipimo, mstari ukazama ardhini. Siku ya uzinduzi hakuna aliyeuona ila mfagizi, naye alikuwa ameambiwa asizungumze na wageni.

Halafu ikaja amri ya pili. Wauguzi wote wasome Kozi ya Jioni ya Tiba kwa Ushahidi kwa miezi mitatu. Atakayefaulu atapewa cheti na fulana. Atakayefeli atavua gauni jeupe, arudi kwao akalime.

*

Zawena hakuwa na pa kulima. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto njiti, wale wanaokuja duniani kabla ya siku zao, wepesi kama mkate wa nusu. Alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa miaka miwili, ambaye kila jioni alimwacha kwa jirani akiwa na kijiko mkononi na uji mashavuni, akakimbilia darasani. Alikaa dawati la mbele. Hakuwa mtu wa kujionyesha. Ni kwamba alitaka sana kujua, na waliokaa nyuma walikuwa wakisuka nywele.

Mwalimu wao, kijana mmoja aitwaye Lusajo, alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtaala, kubwa, ya kusikika hadi ofisi ya mkuu wa chuo. Kwa sauti hiyo aliwasomesha ngazi za piramidi, wakaimba kama jedwali la kuzidisha. Ya pili ilikuwa ndogo, ya mtu anayemwambia mwenzake kwamba chakula kimechacha. Kwa sauti hiyo alisema mambo aliyoyaamini.

"Ukiambiwa jambo," alisema jioni moja kwa ile sauti ndogo, "muulize aliyekuambia amelijuaje. Akisema kaambiwa, mfuate aliyemwambia. Endeleeni hivyo hivyo mpaka mfike alipo mtu aliyeona kwa macho yake. Mkifika hapo, mtazameni vizuri alikuwa amesimama wapi."

Kisha akakohoa, akarudi kwenye sauti kubwa, akagawa karatasi ya maswali. Mtihani wa mwisho, alieleza, ulimtaka kila muuguzi achague swali moja la kitabibu na kulijibu kwa ushahidi mbele ya Jopo la Taifa. Maswali yaliyoidhinishwa yalikuwa kumi na mawili, na majibu yake yalichapwa nyuma ya karatasi hiyo hiyo ili kupunguza makosa. La kwanza lilikuwa: Je, kunawa mikono kunafaa? Jibu: Kunafaa, isipokuwa maji yakikatika. La tano lilikuwa: Je, Waraka Namba Tatu ni sahihi? Jibu: Ndiyo. Darasa zima lilichagua la tano kwa kuwa lilikuwa fupi.

Zawena aligeuza karatasi mara tatu, asione swali lake. Darasa lilipotawanyika alimfuata mwalimu mezani, akamwonyesha daftari la shule lenye picha ya sungura kwenye jalada.

Swali lake lilikuwa hili: mtoto njiti alale wapi? Waraka Namba Saba ulisema alale peke yake katika Chumba cha Joto, kwenye kitanda chake, mlango umefungwa, hita inawaka. Mama yake aruhusiwe kumtazama kupitia dirisha la kioo, saa nne hadi saa nne na robo, bila kugusa kioo. Hivyo ndivyo walivyofanya miaka ishirini na mitano. Lakini umeme wa nchi ile ulikuwa na tabia zake. Siku ulipokatika, mashine ya mahudhurio haikuwaka, kwa hiyo wakubwa hawakuja kazini, na Chumba cha Joto kikawa baridi kama jiwe la mtoni. Siku hizo Zawena aliwaita akina mama kimyakimya. Alimvua mtoto nguo zote akambakishia nepi, kofia na soksi, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa kanga. Alifanya hivyo kwa kukosa njia nyingine. Halafu alipima joto na kuandika, kwa kuwa alizoea kuandika. Kwa miezi mitano aliwapima watoto thelathini na sita. Kumi na wanane walikuwa wa siku za hita, na saba kati yao alikuta wamepoa. Kumi na wanane walikuwa wa siku za kifuani, na aliyepoa alikuwa mmoja.

Lusajo alisoma daftari lile kwa muda mrefu. Alimwambia, kwa sauti ndogo, kwamba daftari lake halijathibitisha kitu. Watoto ni wachache, na siku zenyewe hazifanani. Ila limeuliza swali zuri. Sasa akatafute wengine waliouliza hivyo hivyo, na waraka wenyewe ulitoka wapi. Kesho yake alimletea makala alizozichapa kwa wino wake mwenyewe, za hospitali za nchi nyingi, watoto maelfu, waliopangwa kwa kura, wengine kwenye hita, wengine kifuani. Zawena alizisoma kwa kamusi, mtoto amemlalia mapajani. Jibu lilikuwa lile lile la daftari la sungura.

"Usiliulize mbele ya Jopo," Lusajo alimwonya. "Chukua la tano, dada yangu. Una mtoto."

"Na wale wana mama, mwalimu," alisema Zawena. Wala hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayekumbusha.

*

Kufuata waraka hadi chanzo chake kulimchukua wiki mbili. Masjala ya Wizara ilikuwa chini ya ngazi, na karani wake hakuwahi kuombwa faili ili lisomwe. Watu wote huja kuomba lipotee. Alimtazama Zawena kwa huruma, akamtafutia.

Waraka Namba Saba ulisema umetokana na Uzoefu wa Wakubwa. Uzoefu huo ulitokana na Taarifa ya Ziara ya Mafunzo ya wataalamu tisa katika nchi moja ya baridi. Taarifa ilikuwa na kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa vyeo. Wa pili ulieleza chakula, hasa samaki fulani aliyepewa aya mbili. Kwenye wa tatu, baada ya hotuba ya shukrani, palikuwa na mistari minne kuhusu watoto:

"Tulionyeshwa wodi ya njiti. Hatukuingia kwa kuwa viatu vyetu vilikuwa na tope. Tuliona kupitia dirishani mtoto amelala peke yake kwenye sanduku la kioo, ametulia sana. Mwenyeji wetu alitufafanulia kwamba mama yake alikuwa amekwenda msalani."

Zawena alisoma mara nne. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, lakini hawakusema litakosekana kwa miaka ishirini na mitano. Mama mmoja, katika nchi ya mbali, alimweka mwanawe chini dakika tano ili akajisaidie. Na kwa dakika tano zile akina mama wote wa nchi hii wakafungiwa nje. Alikumbuka majina ya watoto wawili waliozikwa mwezi uliopita, ambao hawakuwahi kupewa majina ila yale aliyowaita yeye. Akanakili mistari ile minne kwenye daftari, akasaini kitabu cha karani, akaondoka akiwa amebana daftari kwapani kama mtu aliyeiba.

*

Mtihani ulifanyika siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi mdogo unaopakana na Chumba cha Joto, ili Jopo lipate kuona vitendo kupitia kile kioo. Jopo lilikuwa na wajumbe watano, na mwenyekiti wake alikuwa Mganga Mkuu wa Taifa, Daktari Sadoki Mpanduji, mtu mnene wa sauti aliyekuwa miongoni mwa wale tisa wa ziara. Mbele yao paliwekwa kiti kimoja cha mtahiniwa. Karani wa Jopo alisoma kanuni: mtahiniwa atakaa saa mbili, atajibu anachoulizwa, akiinuka kabla ya kengele, atahesabiwa kuwa amejiuzulu kazi kwa hiari yake mwenyewe. Zawena akatia sahihi. Lusajo alisimama ukutani akiwa na kipaza sauti cha pili, tayari kurudia majibu kwa ajili ya umati uliokuwa nje, kwa maana spika zilifungwa hadi kwenye piramidi.

Ndani ya kioo alikuwemo mtoto mmoja tu. Alizaliwa alfajiri ile, wa kike, kilo moja na gramu mia sita. Mama yake, msichana wa kutoka mashambani aitwaye Nyanjige, alisimama karibu na dirisha la upande wa pili akisubiri saa nne ifike, mikono kaificha mgongoni asije akagusa kioo. Zawena alikuwa amempima mtoto kabla ya kuingia: thelathini na sita nukta nne. Si mbaya. Inataka kuangaliwa.

Ukumbi ulikuwa na soketi moja nzima. Fundi aliitazama, akatazama kipaza sauti, feni ya Mwenyekiti na birika la chai, akafikiri, akachomoa waya mmoja mrefu uliopita chini ya mlango. Zawena aliona taa nyekundu ya hita ikizimika ndani ya kioo.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Hita imezimwa."

Karani alimkumbusha kwamba bado hajaulizwa swali.

Daktari Mpanduji alifungua mtihani kwa maneno machache yaliyochukua dakika ishirini na tano. Alisema taifa lisilo na ushahidi ni kama nyumba isiyo na hati. Alisema yeye mwenyewe, tangu utotoni, alipenda sana ushahidi, hata mama yake akawa anashangaa. Feni ilimpepea, kikombe kikajazwa, kikajazwa tena. Muuguzi mwanafunzi aliyekuwa zamu ndani ya chumba alimpima mtoto, akainua karatasi kwenye kioo kama walivyokubaliana. Thelathini na sita kamili.

Ndipo Zawena akaulizwa amechagua swali lipi. Akataja swali lake. Wajumbe waligeuza karatasi zao, mbele, nyuma, mbele. Mmoja aliuliza kama ni swali la akiba. Zawena alisema hapana, ni la watoto. Akafungua daftari, akaeleza watoto thelathini na sita, akaeleza makala, maneno yakija kwa mpangilio. Hakufika mbali. Kila alipotaja tarakimu, mjumbe mmoja aliuliza ni ya ngazi gani kwenye piramidi, na kila alipojibu, walishauriana. Nyuma yao karatasi iliinuliwa tena: thelathini na tano nukta sita. Miguu ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Alikuwa halii, na Zawena alijua mtoto mdogo asiyelia si mtoto aliyetulia.

"Mheshimiwa Daktari, naomba hita irudishwe. Mtoto anapoa."

Mwenyekiti aligeuka nusu, akatazama kioo, akarudi. "Mtoto yuko katika Chumba cha Joto. Ukikaa katika Chumba cha Joto, unapata joto. Hilo ni jambo la Waraka."

"Kipimajoto kinasema thelathini na tano nukta sita."

"Kipimajoto," alisema Daktari Mpanduji polepole, ili karani aandike, "kipimajoto hicho kimepata mafunzo wapi? Sisi kama taifa hatuwezi kuyumbishwa na kitu chenye urefu wa kidole."

Wajumbe wakagonga meza. Fundi, akiulizwa pembeni, alisema kurudisha waya kunahitaji fomu ya kubadilisha matumizi ya soketi, na fomu hizo hutiwa sahihi Alhamisi.

Basi Zawena akafanya jambo ambalo halikuwemo kwenye mpango wake. Akasoma mistari minne. Aliisoma yote, viatu vyenye tope, dirisha, sanduku la kioo, na msala. Lusajo, kwa mazoea au kwa kusudi, akairudia kwenye kipaza sauti neno kwa neno, nayo ikatoka nje hadi kwa wafagizi, wapishi na akina mama waliokaa kwenye nyasi. Hapakuwa na kicheko. Walitazamana kama watu walioambiwa kwamba mzigo waliobeba kichwani miaka yote ni mawe.

"Mheshimiwa ulikuwepo," Zawena alimalizia. "Nauliza tu. Yule mama aliporudi kutoka msalani, alimlaza wapi mwanawe?"

Daktari Mpanduji alifungua mdomo. Ni wazi alijaribu kukumbuka. Uso wake ulikwenda mbali, hadi kwenye theluji, hadi kwenye lile dirisha. Halafu ukarudi mikono mitupu.

"Hatukusubiri," alisema. "Tulikuwa tunawahi chakula."

Karatasi ikainuliwa. Thelathini na tano nukta tatu. Yule mwanafunzi alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili. Zawena alitazama saa ya ukutani: dakika hamsini zimebaki. Alitazama kiti alichokalia. Alimfikiria mtoto wake na kijiko chake kwa jirani, kodi ya chumba, gauni jeupe aliloshona kwa mkopo wa dada yake. Yote hayo aliyafikiria vizuri, bila haraka, kwa muda wa pumzi moja. Kisha akainuka.

Karani aliandika saa na dakika. Zawena alipita mlango, akamnyanyua mtoto, baridi kama samaki mikononi, akamvua nguo zenye unyevu. Alitoka naye kwa mlango wa pili, hadi pale dirishani.

"Nyanjige, fungua blauzi."

"Sista, si wamekataza?"

"Wamekataza kioo kuguswa. Hiki ni kifua."

Akamlaza katikati ya matiti ya mama yake, kichwa kimegeuzwa pembeni apate kupumua, miguu imekunjwa kama ya chura. Akawafunga kwa kanga, akakaza, akaweka kidole chini ya kidevu kile kidogo kuhakikisha njia ya hewa iko wazi. Nyanjige alikuwa hapumui yeye mwenyewe. Zawena akamwambia apumue, mtoto atamfuata. Halafu, kwa kuwa hakujua aende wapi, akamshika mama mabega, akawaingiza wote wawili ukumbini, akamkalisha Nyanjige kwenye kiti cha mtahiniwa.

Jopo halikuweza kuondoka. Ratiba ilisema saa mbili, na ratiba ilikuwa na muhuri. Wakabaki wanatazamana na kanga yenye maua ya zambarau, humo ndani hakuna kinachotikisika.

Lusajo ndiye aliyesogea. Alipita mbele ya meza ya wakubwa, mgongo umelowa jasho, akachukua kipimajoto, akakiweka kwapani kwa mtoto, akasubiri. Aliposoma, hakutumia sauti kubwa wala ndogo. Alitumia ya tatu, ambayo pengine ndiyo aliyozaliwa nayo, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi.

"Thelathini na tano nukta tatu."

Nje watu waliinuka kwenye nyasi. Baada ya dakika kumi alisoma tena. Nukta tatu ile ile. Mjumbe mmoja alitabasamu. Zawena alijua joto halipandi kwa kutamani, linapanda kwa wakati wake, na wakati ulikuwa mchache. Dakika kumi nyingine: nukta tano. Mpishi mmoja nje aliirudia kwa mwenzake asiyesikia vizuri. Dakika kumi: nukta tisa. Saa ya ukutani ikatembea, chai ikapoa mbele ya watu watano wasioigusa. Lusajo aliweka kipimajoto kwa mara nyingine, akakitoa, akakisogeza karibu na macho, akakifuta, akakisoma upya.

"Thelathini na sita nukta mbili," alisema. "Inapanda."

Chini ya kanga kitu kikajikunja, kikatoa sauti nyembamba, ya kulalamika, ya mtu aliyeamshwa. Nyanjige akaanza kulia naye. Kengele ikalia, wala hakuna aliyeisikia.

*

Jopo lilijifungia kwa siku mbili kutafakari. Ilikuwa kazi ngumu, maana watu nusu ya mji walisikia tarakimu kwa masikio yao, na huwezi kuyaita masikio yote hayo kikaoni. Siku ya tatu Daktari Mpanduji alitoka akasoma tamko.

"Imethibitika kwamba joto la mtoto lilipanda," alisema. "Haijathibitika kwamba lilipanda kwa idhini."

Kwa hiyo idhini ilitolewa, ikaandikwa tarehe ya Jumatatu iliyopita, ili mtoto awe amepata joto kihalali. Uliitwa Waraka Namba Nane. Ulieleza kwamba katika hospitali ya Serikali hakuna kinachoruhusiwa kutibu isipokuwa kifaa cha Serikali. Kwa kuwa kifua cha mama sasa kinatibu, kifua cha mama ni kifaa cha Serikali. Kipewe namba. Kiandikwe kwenye leja. Mama anayetaka kukitumia ajaze fomu ya kukiazima. Na kama ilivyo kwa vifaa vyote, saa tisa na nusu alasiri, ofisi zinapofungwa, kirudishwe stoo.

Kuhusu Zawena, Jopo lilisema alipata sifuri, kwa kuwa alijibu swali ambalo halikuulizwa. Kwa kuinuka kwake alipaswa kuhesabiwa amejiuzulu. Lakini ilibainika kwamba kiti hakikukaa kitupu hadi kengele, alikuwepo mtu amekikalia, na kanuni haikutaja nani. Na kwa kuwa hakuwa na pa kulima, wakamvua gauni jeupe tu. Wakampa koti la bluu, wakamhamishia mahali ambapo hatakutana na mgonjwa tena: msaidizi wa mtunza stoo.

Mtunza stoo, Mzee Kibwana, alikuwa na miaka thelathini na minane kazini na hakuwahi kupoteza hata ndoo. Alimpokea, akamkabidhi kalamu. Saa tisa na nusu ya siku ile ya kwanza walimwona Nyanjige anakuja, kanga kifuani, karatasi mkononi, macho yamevimba.

"Nimeambiwa nikirudishe, baba," alisema. "Ila mimi sina namna ya kukibandua. Kinakuja na mimi mwenyewe."

Zawena alishika kalamu asiandike. Akimkataza kukirudisha, amevunja waraka mpya. Akimruhusu, mtoto anarudi kwenye kitanda kile cha Chumba cha Joto, na umeme wenyewe ndio ule.

Mzee Kibwana alivaa miwani. Alifunua kitabu cha kanuni za stoo, kilichochakaa kuliko msahafu, akapita kwa kidole mstari kwa mstari.

"Kifaa hurudishwa kamili," alisoma, "pamoja na viambatisho vyake vyote." Akainua macho. "Na huyo hapo juu ni nani?"

"Ni mtoto wangu."

"Ameambatana?"

"Ameambatana, baba."

"Basi, binti, pita ndani. Pita na viambatisho vyako. Zawena, mwandike."

Stoo ile ilikuwa kubwa kuliko wodi. Humo mlikuwa na magodoro arobaini ambayo hayakuwahi kutoka kwa sababu fomu zake ziliisha, mablanketi ya msaada yaliyofungwa kwa kamba, vyandarua, na dirisha la upande wa magharibi lililoingiza jua la alasiri mpaka mwisho. Kifaa hutunzwa mahali pakavu na salama, kanuni ilisema, kisiwekwe sakafuni. Zawena akatoa godoro, akatoa blanketi, kwa ajili ya utunzaji wa kifaa. Wiki ile wakaja wengine wanne. Mwezi ulipokwisha walikuwa kumi na mmoja, wamekaa wameegemea makasha, wanaongea habari za kwao, wanacheka chinichini wasiwaamshe waliolala. Zawena alipita na kipimajoto asubuhi na jioni, akaandika kwenye leja, kwenye safu ya "Hali ya Kifaa". Lusajo alianza kuleta darasa lake huko, eti kujifunza utunzaji wa mali ya umma.

Mkaguzi kutoka Wizarani alifika mwisho wa robo mwaka. Alikagua ndoo, akakagua vyandarua, akafika kwenye ukurasa wa vifua. Alihesabu walioandikwa, akahesabu waliokaa. Akahesabu tena, akakunja uso.

"Kumi na viwili kwenye leja. Naona kumi na kimoja. Namba moja kiko wapi?"

"Kimetoka," alisema Zawena. "Mtoto alifika kilo mbili na robo, wakaenda kwao."

"Kimetoka nje ya hospitali? Kifaa cha Serikali?"

"Kwa fomu, mkuu. Ipo hapo."

Mkaguzi aliitwaa. Jina la mwazimaji lilikuwepo, Nyanjige, na dole gumba lake. Jina la kifaa lilikuwepo. Sababu ya kuazima ilikuwepo. Alishuka hadi mstari wa mwisho, unaouliza tarehe ya kurudisha, ambao hauruhusiwi kuachwa wazi. Zawena alikuwa ameujaza kwa mwandiko wake wa darasa la jioni, herufi moja moja: "Mtoto akishakua."

Mkaguzi alitafuta kosa. Aligeuza fomu nyuma, akaigeuza mbele, akamtazama Mzee Kibwana, ambaye alikuwa akihesabu ndoo. Mtoto mmoja kati ya kumi na mmoja alipiga chafya. Mwisho mkaguzi alifungua mkoba wake, akatoa muhuri, akaupumulia, akagonga.